Toa munyu, bakisha chumvi: sampuli ya miezi saba ilivyokufa Chake na mimi nikaitwa mhujumu

Assalaam alaykum wakuu, na wale wa salamu nyingine habari zenu.

Huu uzi nimeuandika mara tatu nikaufuta. Leo siufuti.

Ninachosimulia kilinikuta mwenyewe, hapa hapa Pemba, na nitakisema chote, hata pale mtakapoanza kuniona mtu mbaya. Nawaomba tu mnisome hadi mwisho kabla hamjaanza kunishukia, maana nawajua.

Nina hasira. Mlijue hilo mapema. Miaka imepita na bado nikipita Chake nyuma ya lile jengo la maabara natembea haraka haraka kama ninayedaiwa.

Mimi ni mzaliwa wa Micheweni. Mama yangu analima mwani tangu niko darasa la pili, na mwani huo ndio ulionisomesha hadi nikawa mkemia. Nilisoma Dar, nikaenda nje miaka miwili, nikarudi.

Kabla hamjaniuliza "Pemba kuna maabara gani ya maana?", jibu ni hili: ilikuwepo. Chumba kimoja, kabati moja la kuvuta hewa chafu, mashine moja ya kukaushia kwa baridi, friji mbili na jenereta linalokohoa. Ulikuwa mradi wa watu wa nje wakishirikiana na wetu. Jina lake silitaji na msinilazimishe.

Sasa kazi yenyewe. Wale mliokimbia kemia Form Two tulieni, nitaieleza kwa lugha ya jikoni.

Ndani ya mwani kuna sukari. Si hii ya kutia kwenye chai. Ni sukari ndefu, pete kwa pete zimeshikana, na kwenye pete hizo kumeganda vitu vinaitwa salfeti. Sukari zenye salfeti zina tabia ya kung'ang'ania protini fulani za mwilini, zikiwemo zile za kugandisha damu. Ukijua sukari ipi inashika protini ipi, na inashika kwa salfeti ya wapi, umepata mlango wa dawa.

Tatizo ni kwamba kwenye mwani zimechanganyika. Salfeti hii iko huku, ile iko kule, na urefu haulingani. Ukipima ikashika, hujui nani aliyeshika.

Ndiyo maana unatakiwa uijenge mwenyewe. Pete nne tu, na salfeti uziweke pale unapotaka wewe.

Kila pete ina mikono kadhaa inayoweza kupokea salfeti. Unaifunika yote. Halafu unafunua mmoja tu, unautia salfeti, unasafisha, unapima, unafunua mwingine. Ukikosea mkono mmoja, unaanza upya. Wenzetu wa nje walikuwa wakituletea pete zilizokwisha funikwa, sisi tunaunganisha na kutia salfeti.

Mimi ile ya pete nne ilinichukua miezi saba. Iliniharibikia mara mbili. Mara ya kwanza umeme ulikatika na jenereta likagoma. Mara ya pili nilikosea mwenyewe, nikalia chooni, nikarudi kazini.

Mara ya tatu ikakubali. Ilikuwa unga mweupe wa kujaa ncha ya kijiko cha chai, na hata hapo naisifia. Nilipoiona nilisema alhamdulillahi kwa sauti mpaka Kheri akacheka.

Kheri huyu mshikeni vizuri, maana uzi huu ni wake kuliko wangu.

Kheri alikuwa fundi sanifu wetu wa maabara. Mtu mzima, Muunguja wa mjini, mke na watoto kawaacha huko, yeye kapanga chumba Vitongoji na kila asubuhi anafika kazini kwa baiskeli kabla ya kila mtu. Mpole mno. Ana kalamu yake ya wino mzito mfukoni, na kitu chochote asichokijua anakibandika karatasi na kukiandika jina. Mpaka birika la chai alilibandika: "CHAI TU, SI KEMIKALI."

Kuniita mimi ni "dada", ingawa ananizidi umri.

Bosi naye alikuwa Muunguja, lakini wa aina nyingine. Huyo nitamwita Bosi tu. Kila wageni wakija anawatembeza, anaeleza kazi ambayo mikono yake haijawahi kuigusa.

Na kitu kimoja alichokuwa akikipenda kuwaonyesha ni daftari langu.

Daftari langu la maabara nililiandika kwa Kiswahili. Lote. Bosi alikuwa akilifungua mbele ya wageni anasema, "Mnaona? Sisi hapa sayansi tunaifanya kwa lugha yetu." Wageni wanapiga picha. Likumbukeni hili.

Tuje kwenye munyu.

Kwetu Micheweni kitu unachotia kwenye mchuzi kinaitwa munyu. Nilizaliwa nikausikia munyu, nikatumwa dukani munyu, nikachapwa kwa kuumwaga munyu. Neno chumvi nilikutana nalo shuleni, kwenye kitabu.

Nilipokuwa mkemia nikajikuta nahitaji maneno mawili. Maana kwenye kazi yetu kuna chumvi za aina mbili.

Ya kwanza ni ile inayoelea tu kwenye maji pamoja na sukari yako, takataka ya kazi. Hiyo unaitoa. Ya pili ni ile sodiamu iliyokaa na salfeti yenyewe, mlinzi wake. Hiyo huigusi. Ukimwondoa mlinzi huyo, salfeti inageuka asidi, na asidi ile inaila sukari iliyoibeba. Salfeti zinadondoka moja moja, zenyewe, ndani ya chupa uliyoifunga vizuri na kuiandika tarehe.

Basi mimi kichwani mwangu nikagawa. Ile ya kuoshwa nikaiita munyu, kama wa nyumbani. Ile ya kubaki nikaiita chumvi, kama ya shule.

Nilijiona nina akili sana. Nilijisifu peke yangu. Na sikumwambia mtu yeyote hata siku moja kwamba nimegawa.

Wiki ile ya kufunga kazi, mama alichomwa na mwiba baharini, mguu ukavimba hawezi kukanyaga. Bamvua lilikuwa limeingia, maji yanakupwa mbali, na mwani wake ulikuwa umeshakomaa kwenye kamba. Usipouvuna bamvua hilo unakatika na kwenda na maji. Nyumbani hakuna mwingine.

Nikaomba ruhusa siku mbili. Bosi akanipa huku anavuta midomo.

Shida ni kwamba mgeni wa kuibeba sampuli kwenda nje alikuwa anaondoka Alhamisi. Kazi iliyobaki ilikuwa moja tu: kuisafisha na kuikausha. Bomba letu la kusafishia lilikuwa dogo, linapitisha kidogo kidogo. Nikapitisha fungu la kwanza mwenyewe, dogo kabisa, nikalikausha. Fungu kubwa nikamwachia Kheri alimalize kesho yake.

Lile dogo sikulichanganya na la safari. Nililitia kwenye kichupa, nikaandika MBEGU, nikaliweka friji ya ndani nyuma ya barafu.

Kwa nini? Kwa sababu nimelelewa hivyo. Mkulima wa mwani havuni wote. Unakata, unabakisha vichipukizi vizuri, unavifunga tena kwenye kamba kwa taitai, vile vikamba vidogo. Usipobakisha mbegu, siku bahari ikikuharibia utaanza na nini? Mimi sijawahi kumaliza kitu chochote maishani bila kubakisha mbegu, hata unga wa mandazi.

Daftarini nikamwandikia Kheri maagizo ya mwisho. Nayaweka hapa kama yalivyokuwa:

"Pitisha kwenye bomba. Toa munyu, bakisha chumvi. Kausha. Funga."

Nikapanda gari nikaenda zangu Micheweni.

Sasa mnielewe. Juu ya meza yetu kulikuwa na mabomba mawili ya kioo, yamesimama pamoja. Moja la jeli, linalochuja vidogo na vikubwa: hilo linatoa munyu. La pili la rezini ya asidi: hilo linang'oa ile sodiamu iliyokaa na salfeti. Hilo tulilitumia kwa kazi nyingine kabisa.

Asubuhi ya pili niko pwani, maji magotini, nimejifunga kanga, navuna na wanawake wenzangu. Simu nilimwachia Bi Mize, jirani yetu, amekaa kwenye jabali anachambua mwani wake. Akaniita kwa kupunga mkono.

Nikatoka na maji yananidondoka. Ni Kheri.

"Dada, samahani kukusumbua. Hapa umeandika toa munyu, bakisha chumvi. Sasa mimi nauliza, munyu si ndiyo chumvi?"

Wakuu, nilicheka.

Nikawageukia wale wanawake nikawaambia, "Muunguja huyu ananiuliza munyu ni nini."

Bi Mize akapaza sauti simu isikie: "Hajui munyu? Basi ala nini huko kwao? Mwambie aje Micheweni nimwonjeshe!"

Pwani nzima ikaangua kicheko. Mimi nikamjibu Kheri huku nacheka: "Munyu ni chumvi, kaka. Kwani nyie Unguja mchuzi mnautia nini?"

Akasema, "Haya dada. Kwa hiyo niitoe?"

Nikamwambia, "Itoe, itoe, maji yanarudi huku." Nikakata.

Simu nzima haikufika hata dakika moja.

Naona kuna mkuu hapo chini ameshaandika "naanza kuona inakoelekea." Ndiyo mkuu. Umeona vizuri. Subiri.

Nikarudi kazini Alhamisi mchana. Sampuli imeshaondoka. Kheri ameosha kila kitu, amepanga, amebandika. Nikamuuliza, "Imekauka vizuri?" Akasema, "Vizuri dada, nyeupe kabisa." Nikamshukuru. Sikumuuliza kapitisha bomba gani, maana kwangu mimi hakukuwa na swali.

Wiki tatu baadaye ikaja imeili kutoka kwa wenzetu. Wameipima na protini. Haikushika. Wameirudia mara mbili. Hakuna kushikana kokote. Wanauliza kwa adabu zao kama tuna uhakika tumewapelekea kitu sahihi.

Niliisoma nimesimama, nikaketi.

Sasa lazima mjue ulikuwa wakati gani. Uchaguzi ulikuwa umekaribia. Mliokuwepo visiwani miaka ya vyama vingi hamhitaji kuelezwa. Watu wanaoana wanaulizana chama. Bendera ikipandishwa kijiwe hiki, kijiwe cha pili kinanuna. Ukiwa Mpemba, ofisi nyingi zilikwisha kukujibia hilo swali kabla hujafungua mdomo.

Bosi akaitisha kikao. Tulikuwa wanne: yeye, mimi, Kheri, na afisa mmoja wa mradi aliyevuka kutoka Unguja asubuhi ile kwa ajili hiyo tu.

Nilikuja na karatasi zangu zote, vipimo vyote vya miezi saba. Nimejiandaa kuulizwa kemia.

Bosi hakuzigusa karatasi. Alianza hivi:

"Wewe binti, nikuulize kitu kimoja tu. Wewe chama gani?"

Nikadhani sikusikia vizuri. Nikamwambia, "Bosi, hiyo inahusiana vipi na sukari?"

"Inahusiana sana. Nyinyi watu wa Micheweni tunawajua. Mkikosa kwenye sanduku la kura mnatafuta pengine pa kukomoa. Mradi huu ni wa serikali, ukianguka unajua nani atafurahi."

Wakuu, hasira zilinipanda mpaka masikio yakawa yanavuma. Miezi saba! Nimeunguza mikono, nimekohoa mvuke, nimefanya kazi na homa. Mama yangu mguu umevimba nimemwachia majirani niwahi kurudi. Halafu mtu ambaye hajui hata bomba lipi ni lipi ananiuliza chama!

Afisa yule akaandika kitu kwenye karatasi yake. Sijui aliandika nini mpaka leo.

Bosi hakuishia hapo. Akatia mkono mfukoni akatoa kichupa changu. Alikuwa ameifungua friji.

"Na hii? Imefichwa nyuma ya barafu. Haimo kwenye orodha ya vitu vilivyotoka wala vilivyobaki. Imeandikwa mbegu. Mbegu! Sukari inaota?"

Afisa akacheka. Kheri hakucheka.

"Umeiba sampuli ya mradi," Bosi akasema, "ukawapelekea wenzetu takataka. Nalitaja kwa jina lake: hujuma."

Nilitaka kumrukia, nasema kweli. Nilishikilia meza. Na hapo hapo, katikati ya ile hasira, akili ikanijia. Kichupa kile kiko mkononi mwake. Kiko kizima.

Nikamwambia, "Bosi, ipo chembe iliyobaki ya ile sampuli ya safari?"

Kheri akajibu yeye. "Ipo. Niliiweka." Bila shaka aliiweka, na ameibandika jina.

"Nipeni dakika tano."

Mliofanya kemia Form Four mnakumbuka ile kazi ya kutambua chumvi, mtihani wa vitendo? Bariamu kloraidi? Ukiitia kwenye maji yenye salfeti huru, yanageuka maziwa. Salfeti ikiwa bado imekamatwa na sukari yake, maji yanabaki kama yalivyo. Mtoto wa sekondari anaweza.

Nikachukua vioo viwili. Kimoja nikatia chembe ya sampuli ya safari na maji. Cha pili nikatia chembe ya mbegu yangu na maji. Nikawaita wasogee.

Kwanza karatasi ya litmasi. Cha mbegu: haikubadilika. Cha safari: nyekundu, papo hapo, kama tambuu.



Halafu bariamu, matone mawili kila kioo. Cha mbegu maji yakabaki maangavu, unaona hadi ng'ambo. Cha safari kikageuka maziwa mbele ya macho yao.

Nikawaambia, kwa hasira, si kwa woga: "Hii mbegu ndiyo kazi yangu, ilivyotoka mikononi mwangu. Salfeti zote zimo. Hii ya safari zimedondoka. Imetolewa sodiamu yake, ikageuka asidi, ikajila yenyewe ndani ya chupa. Haikuibwa. Imepitishwa bomba la rezini."



Afisa akaacha kuandika. Bosi akakitazama kile kioo cha maziwa, halafu kichwa chake kikageuka taratibu kutoka kwangu kwenda kwa Kheri.

"Nani alipitisha?"

"Mimi," Kheri akasema.

Akalifungua daftari langu pale pale, akaweka kidole. Akasoma kwa sauti: "Toa munyu, bakisha chumvi." Akasema, "Sikuelewa. Nikaona kama kumeandikwa kitu kimoja mara mbili. Nilipitisha bomba la kwanza, nilipopima bado nikaona sodiamu ipo. Nikapitisha na la pili ili itoke yote."

"Hukuelewa, na ukaendelea?" Bosi sauti imepanda. "Hujui kuuliza?"

"Niliuliza."

"Ulimuuliza nani?"

Hapa ndipo penyewe, wakuu.

Kheri hakujibu. Alinitazama. Si kwa kunishtaki, hapana. Alinitazama kama mtu aliyekufungulia mlango anasubiri upite. Alikuwa ananipa mimi nafasi ya kusema. Alijua nitasema.

Na mimi nilikuwa nimetoka kuitwa mwizi. Nimetoka kuitwa mhujumu, nimeulizwa chama, nimechekwa. Dakika ile ndiyo kwanza kidole kimehama juu yangu, na kilipohama nilisikia raha. Nasema kweli yote kama nilivyowaahidi. Nilisikia raha.

Nikaangalia vioo vyangu.

Bosi akasubiri kidogo, akasema, "Hakuna aliyeulizwa." Akamgeukia afisa: "Uzembe. Andika uzembe."

Kheri akalifunga daftari polepole, akalisogeza upande wangu.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Mbegu ilipelekwa nje na mgeni mwingine, na safari hii niliifunga mwenyewe. Wakaipima. Ikashika! Ikashika protini barabara, na ile nyingine ya kulinganishia, niliyoijenga bila salfeti ya mkono mmoja wa pembeni, haikushika. Yaani ulikuwa mkono ule ule tuliouhisi. Ndicho tulichokuwa tunakitafuta tangu siku ya kwanza.

Bosi aliisoma imeili ile mbele yetu kwa sauti ya khutba. "Tumefanikiwa," akasema. Tumefanikiwa! Yeye na nani?

Kuhusu chama na hujuma na wizi, hajawahi kusema hata "samahani". Hata kwa kukohoa. Alichofanya ni kubandika tangazo: kuanzia leo madaftari yote ya maabara yaandikwe kwa Kiingereza, kuepusha makosa ya lugha. Yule yule aliyekuwa akilifungua daftari langu kwa wageni! Kana kwamba Kiingereza nacho hakina neno moja tu kwa zile chumvi mbili. Kana kwamba aliyeua sampuli ni Kiswahili.

Kiswahili hakikuua kitu. Tangazo lile nililichana. Ndiyo, ni mimi, na kama anasoma humu ajue.

Kheri hakuongezewa muda. Barua yake ilisema uzembe.

Alikuja kuaga siku ya mwisho, mchana, akakuta niko peke yangu. Alikuwa amevaa shati la kusafiria. Akarudisha funguo, akaosha mikono, akasimama mbele ya yale mabomba mawili. Akatoa kalamu yake.

Kwenye bomba la jeli akabandika karatasi: "HILI LATOA MUNYU."

Kwenye la rezini akabandika: "HILI LATOA CHUMVI. USIPITISHE KABLA HUJAULIZA."

Akaniambia, "Sasa najua tofauti, dada." Bila kejeli. Ningelipata kejeli ningelishukuru.

Nilikuwa na muda wa kusema. Mlango uko wazi, baiskeli yake imeegemea nje, kamba ya mzigo anaifunga taratibu. Nilisema, "Safari njema, kaka Kheri. Wasalimie watoto."

Jumapili ile nilimweleza mama yote. Alikuwa amekaa barazani anatengeneza taitai, mguu umeshapoa. Nilianza na Bosi, na mama akakasirika sana kwa ajili yangu, akamwombea mabaya hayo nisiyoweza kuyaandika humu. Nilipofika pale Kheri aliponitazama, mikono yake ikasimama.

"Nawe ukanyamaza?"

Nikasema, "Nilikuwa na hasira mama."

"Hasira na nani? Na yeye?"

 Akaendelea na taitai zake, na siku ile hakunisemesha tena mpaka naondoka.

Wakuu, mimi niliondoka kwenye mradi ule mwaka uliofuata. Sasa nasomesha. Nimejifunza nini? Wanafunzi wangu nawafundisha bariamu kloraidi kwa bidii mpaka wananishangaa. Na mtu akinipigia simu kuniuliza kitu, hata kiwe cha kijinga vipi, simcheki, namwambia rudia nikuelewe. Basi. Mafunzo mengine mtayatafuta wenyewe.

Bosi bado namkasirikia, na sina mpango wa kuacha. Aliponiuliza chama alinidhulumu. Lakini dhuluma ile mimi niliipokea nikampasia mtu aliyekuwa amekaa karibu, na huyo ndiye mtu pekee mle ndani ambaye hakunikosea kitu.

Uwanja ni wenu. Mkemia asahihishe kemia. Mwenye kutetea Bosi ajaribu tuonane. Mwenye kunitukana mimi anitukane, sitamripoti. Na aliye Unguja mjini anayemjua fundi wa maabara, mpole, mwenye kalamu ya wino mzito mfukoni na tabia ya kubandika kila kitu jina, ampelekee uzi huu ausome. Na yeyote aliyewahi kuambiwa kwamba mtu huyo ni mzembe, naandika hapa kile nilichotakiwa kukisema kwenye kikao:

Aliuliza. Alipiga simu, na niliyepokea ni mimi.